Likizo ya Hema Ufaransa: Kataeni Ndege, na Msikubali Kuhamishiwa Jiko

Kila Januari ikiingia, dada zetu walioolewa Uingereza huanza kuuliza swali lile lile, na safari hii wameuliza hata mabibi harusi ambao bado wapo Unguja na Pemba wanasubiri viza za kuwafuata waume zao. Bwana anataka kiangazi aipeleke familia Ufaransa, walale kambini, na waende kwa ndege kwa sababu "ni saa moja tu". Mke akubali?

Jibu langu: akatae ndege, asikatae safari. Nendeni kwa meli na gari yenu, mkae karibu na bandari mnayoshukia, na masharti ya mke yasemwe kabla arbuni haijalipwa. Likizo isiyopangwa hivyo mimi siiti likizo. Ni jiko lililohamishiwa uwanjani, na mpishi ni yule yule.

Neno kambi lenyewe linawaogopesha watu. Kwetu kambi ni ya jeshi, ya wakimbizi, au ni dago la wavuvi, na ukimwambia mama mkwe kwamba wajukuu wake watalala hemani atauliza baba yao amefukuzwa kazi lini. Kambi za Ufaransa ni kitu kingine. Zimepangwa kwa nyota, moja hadi tano. Unapewa kiwanja chako, umeme wa kuchomeka, maji ya moto ya kuogea, na karo za kuoshea vyombo. Asiyetaka hema hukodi nyumba ndogo yenye jiko na choo chake. Zipo pia kambi za manispaa, bei nafuu, nyingi hazina bwawa wala muziki wa usiku, na kwa familia zetu mimi naziona bora kuliko za nyota tano.

Sasa hiyo ndege. Bwana hukuonyesha simu, tiketi bei ya kutupwa, ukisita anakuona mgumu. Bei ile ni ya mtu na mkoba wa chini ya kiti. Ongeza begi la kila mmoja. Ongeza gari ya kukodi, maana kambi nyingi ziko mbali na stesheni na basi ni la kubahatisha. Ongeza viti vya watoto kwenye gari hiyo, ambavyo sheria ya Ufaransa inavitaka kwa mtoto wa chini ya miaka 10. Mtungi wa gesi ya kupikia haupandi ndege kabisa, hata ule mdogo. Mashuka na mataulo kwenye nyumba za kukodi aghlabu hayamo katika bei. Na hiyo saa moja haihesabu kuwahi uwanjani, kupanga foleni, kusubiri mabegi, kusubiri ufunguo wa gari. Mkifika watoto wana njaa, sufuria ya maana hakuna, mchele hakuna, na anayeingia supamaketi ya ugenini kutafuta chumvi na kisu ni nani? Si yule aliyesema ni saa moja tu.

Meli msiifananishe na boti ya Dar. Ifikirieni pantoni ya Kigamboni iliyokua ikawa hoteli. Gari inaingia na kila kilichomo, wala hakuna anayewapimia kilo za mizigo. Dover hadi Calais ni kama saa moja na nusu. Portsmouth hadi Ouistreham, karibu na Caen, ni kama saa sita. Portsmouth hadi Saint-Malo ipo ya usiku: mnakodi chumba, mnasali, watoto wanalala, asubuhi mko Bretagne. Milango ya chini kwenye magari hufungwa meli ikishaondoka, kwa hiyo mswala, mtandio wa akiba, maziwa ya mtoto na dawa ya kichefuchefu pandeni navyo juu. Kuna wanaoniambia ipo treni ya chini ya bahari, dakika 35, nayo inabeba gari. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni gari kubaki nyumbani.

Wala usikubali kushuka Calais kisha uendeshwe hadi pwani ya kusini. Ni zaidi ya kilomita 1,000, barabara za kulipia, na watoto wanauliza "bado?" tangu asubuhi. Mwenye ndugu Marseille, na tunajua Wangazija walivyo wengi kule, huyo na apande ndege akawaone watu wake. Hiyo ni ziara ya ukoo. Kwa kambi, Normandie na Bretagne zinatosha, na barabara kuu za Bretagne hazina malipo. Kisha kuna jambo ambalo mtu wa kisiwani atalipenda: Saint-Malo wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 12. Bahari ikitoka, utaona wanawake na wanaume wa huko na ndoo zao wanaokota kombe na kaa kwenye miamba, vile vile mama zetu wanavyoteremka pwani na kijiti cha kuchokolea pweza. Kuna vipimo vya ukubwa na idadi ya unachoruhusiwa kuchukua, ulizeni kwanza. Mtoto aliyezaliwa Uingereza, ambaye hadithi za bibi yake amezisikia kwa simu tu, apelekwe pale akazione kwa macho.

Chakula ndiko wengi wanakoharibikiwa, na hapa hata watu wa meli nawagombeza. Dada anapika siku tatu, anajaza sanduku la barafu kababu, sambusa za nyama na kuku wa kupaka. Forodha haikubali. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, abiria anayetoka huko haruhusiwi kuingia Ufaransa na nyama wala maziwa na vitokanavyo na maziwa, hata mkate uliotiwa kipande cha kuku. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yana ruhusa yake, hadi kilo 2. Matunda na mboga mbichi zinatakiwa cheti, isipokuwa nanasi, ndizi, tende, duriani na nazi. Ndiyo, nazi zinapita! Mchele na viungo vikavu havina taabu. Kwa hiyo chukueni mchele, nazi na mbuzi ya kukunia ikibidi, nyama mtainunua huko huko. Waislamu Ufaransa ni mamilioni, bucha za halali zipo kwenye miji kama Rennes na Caen, na supamaketi kubwa nyingi zina rafu ya halali. Tafuteni bucha kwanza, kisha kambi iliyo karibu nayo. Kwenye pakiti someni maneno haya: porc, jambon, lardons, saindoux, gélatine. Hizo lardons ni vipande vya nguruwe, na wenyewe huvinyunyizia hata kwenye saladi.

Nakuja kwenye stara, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimechoka na pande mbili. Wapo wanaosema mwanamke wa hijabu hana nafasi Ufaransa. Si kweli. Mtandio na baibui barabarani, kambini na ufukweni havijakatazwa na sheria ya nchi. Kilichokatazwa ni kufunika uso hadharani, tangu 11 Aprili 2011, na faini yake hufika yuro 150. Dada anayevaa ninja alijue hilo akiwa nyumbani, asilijue bandarini. Kuhusu burkini baharini, kiangazi cha 2016 mameya wa miji kama thelathini waliipiga marufuku, na tarehe 26 Agosti mwaka huo huo mahakama yao kuu ya mambo ya serikali, Conseil d'État, iliisimamisha marufuku ya Villeneuve-Loubet, ikasema meya hawezi kuzuia vazi bila ya hatari iliyothibitika kwa amani ya umma. Bwawa ni habari nyingine. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo iliizuia Grenoble ilipotaka kuiruhusu burkini kwenye mabwawa ya manispaa. Na kambi za watu binafsi zina kanuni zao, nyingi zinataka nguo ya kubana tu, ati kwa usafi.

Upande wa pili ni waume wanaosema hilo ni tatizo la wanawake. Bwana, kanuni hiyo hiyo inakukataza na wewe kaptula yako pana ya magotini. Kambi nyingi zinamtaka mwanamume avae chupi ya kuogelea ya kubana. Kitovu hadi magoti umekisahau?

Nimemwona mama wa Kiislamu amekaa pembeni ya bwawa la kambi siku sita mfululizo, ndani ya dera lake, analinda mataulo. Kambi ile ilichaguliwa kwa ajili ya bwawa, na nusu ya bei alitoa yeye. Hakuna aliyeuliza kabla. Kuuliza ni barua pepe moja, hata kwa Kifaransa cha kutafsiriwa na simu: vazi la kuogelea linalofunika mwili linaruhusiwa bwawani? Jibu lihifadhiwe. Wakisema hapana, kuna kambi nyingine na kuna bahari.

Na hiyo nusu ya bei nayo tuizungumze. Sheria yetu iko wazi, matumizi ya nyumba ni ya mume, na pesa ya mke ni ya mke. Akichangia kwa ridhaa yake ni ihsani yake. Lakini naona mtindo mpya: mke kapokea mchezo wake Machi, na Aprili, bila kutarajia, baba watoto kakumbuka kwamba familia inahitaji kupumzika. Mwenye kutoa basi awe na sauti kwenye mpango, asingoje kuambiwa afunge mabegi lini.

Bibi harusi, hii ni yako khasa. Mumeo mwenye pasipoti ya Uingereza anaingia Ufaransa bila viza, hadi siku 90 ndani ya siku 180. Wewe mwenye pasipoti ya Tanzania unahitaji viza ya Schengen, hata kama ruhusa yako ya kuishi Uingereza iko sawa. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na nafasi za miadi karibu na kiangazi hujaa. Bwana anayelipia kambi na tiketi zisizorudishwa pesa, halafu Juni ndiyo anakumbuka pasipoti yako, amepanga safari ya kwenda yeye na watoto, wewe ubaki na funguo. Viza yako ianze, malipo yafuate.

Tarehe nazo zina bei. Shule za England zikiwa wazi, kumtoa mtoto bila ruhusa kunaweza kuleta faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na baada ya siku 21 inakuwa 160. Kwa hiyo ni mwisho wa Julai na Agosti, basi. Julai kule jua linazama karibu saa nne usiku na Isha inaingia usiku mkubwa. Ninyi mliosoma fiqhi ya Imamu Shafi mnajua kwamba mkinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, rukhsa ya kupunguza na kukusanya imekwisha. Anayepanga wiki nzima kambi moja ajue atasali kamili, na kwamba watoto watalala kabla ya Isha. Wengine huigawa wiki kwenye kambi mbili. Mimi naona ni kujichosha kukunja hema, lakini ni hiari yao.

Imebaki kazi. Jioni kambini utaona wanaume wa Kifaransa na Kiholanzi wamepanga foleni kwenye karo, kila mmoja na beseni lake la vyombo, wanapiga soga. Waume zetu wakipita hapo hutazama pembeni. Watakaosema nawafundisha wake ukaidi wakasome habari za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Bibi Aisha alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Imepokewa pia kwamba safarini aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na mkewe, na mara ya kwanza mke alishinda. Safari ile hakwenda naye ili amwoshee sufuria.

Basi kabla ya kulipa arbuni, mkae wawili na karatasi. Nani anapika siku gani, nani anaosha, nani anakwenda na watoto baharini ili mwenzake alale mchana. Siku mbili katika wiki jiko lisiwashwe kabisa, mle mkate na samaki wa kununua. Watoto wa miaka kumi na kuendelea wapewe zamu, wavulana kwanza. Bwana akikataa kuandika, kubalini kwamba mwaka huu hamwendi, na pesa ya mchezo irudi ilikotoka.

Anayeandika jina lake kwenye zamu ya asubuhi ya kwanza, meli ikishatia nanga na watoto wanataka chai, awe yeye.