Kompyuta Inajizima Ukiipa Kazi? Acheni Kusingizia Virusi!

Wadau, kuna produsa mmoja huku Mamba, Upareni, jina kapuni. Kaifunga kompyuta ya nyumbani kadi mpya ya picha. Akianza kurenda video tu, paa! Inazima, inajiwasha yenyewe. Video ya dogo mmoja imepotea nusu, haikuseviwa. Fundi kapiga Windows upya mara mbili, hela kala, tatizo lipo palepale. Mi nasema virusi wanaonewa! Pawasaplai ya zamani ya wati 250 itabebaje kadi ile? Ikizima kwenye kazi nzito tu, anza na pawasaplai. Ikizima hata imekaa bure, chomoa RAM, ifute vumbi, irudishe mpaka ilie "ta!" Haya wa Kariakoo, ya wati 500 siku hizi bei gani? Dogo anasubiri video yake.