Injini na Mzigo Wake

Hapa Mutakura hatujapata kusikia honi ya treni. Hata hivyo, mfanyabiashara wetu anayepitishia shehena Kigoma huitegemea reli ya kati, iliyofika huko mwaka 1914, kabla ya meli kumletea mzigo wake bandarini Bujumbura. Treni ikikwama, ni yeye anayengoja, na mkopo wake haungoji.

Tangu mkataba wa reli ya Uvinza hadi Musongati utiwe sahihi mwaka 2025, wengi huulizana juu ya mwendo kasi. Sisi tungependa waulize kwanza juu ya milima. Katika mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100, treni ya tani 1,000 huhitaji mvuto wa tani 10 kwa kupanda tu; tambarare ingetosheka na tani mbili tatu. Tena injini nyepesi, hata ikiwa na nguvu za farasi nyingi, magurudumu yake huteleza.

Basi mzigo hauna budi kupimwa kwa mlima mkali kuliko yote njiani, kama ule wa Saranda katika reli ya kati. Kuzidisha mabehewa ili kuonyesha bidii ni kuzifungia njia treni za nyuma. Na kukokota mabehewa machache kwa injini kubwa ni kuteketeza dizeli, ambayo sisi Warundi tunaijua thamani yake. Reli mpya imekusudiwa kutumia umeme, lakini mlima haujali.

Twaomba wahusika watangaze mapema: kila aina ya injini itakokota tani ngapi, na katika sehemu ipi ya njia.