Vijana wasioona wafunzwe kujitegemea

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, liko jambo lililo wazi mbele yetu sisi tunaoona, nalo hatujalitazama ipasavyo. Wapo vijana wasioona wanaohitimu masomo kwa alama nzuri, wakarudi nyumbani na vyeti vyao, kisha wakashindwa kwenda dukani, kujipikia au kupokea pesa zao wenyewe bila kushikwa mkono. Tumewafunza kusoma, lakini kuishi tumewaachia wajifunze kwa bahati.

Si haki kudai kwamba hakuna lililofanywa. Shule ya vipofu ya Thika, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mnamo 1946, na shule ya upili ikafuata mnamo 1967. Baadaye zilikuja nyingine, zikiwemo za Likoni, Kibos na Igoji. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, imekuwa ikiandaa walimu tangu 1986. Kutokana na juhudi hizo, maandishi ya Breli yamewatoa walimu, mawakili na hata wahadhiri. Hilo ni fahari yetu sote.

Lakini kujitegemea hakuji kwa kusoma pekee. Ni mkusanyiko wa stadi ambazo hufunzwa hatua kwa hatua, kama hesabu inavyofunzwa. Chukua mfano wa fimbo nyeupe. Mbinu ya kuitumia fimbo ndefu ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1940 na Richard Hoover, aliyewafunza askari waliopofuka vitani. Ncha ya fimbo hugusa ardhi upande wa kushoto mguu wa kulia unapotangulia, kisha upande wa kulia kwa mguu wa kushoto, ili kila hatua iwe imepimwa kabla ya kupigwa. Mbinu hiyo huhitaji mwalimu aliyehitimu na mazoezi ya muda mrefu. Fimbo inayogawiwa hadharani mbele ya wapiga picha, bila mwalimu wa kufuatia, hubaki kuwa kijiti tu.

Tatizo hili huwa kubwa zaidi wakati wa likizo. Wengi wa vijana hawa husoma katika shule za bweni, mbali na kwao. Wanaporejea nyumbani, hawaijui njia ya kisimani wala rika lao la kijijini. Mama huwapakulia, ndugu huwafulia, nao huketi sebuleni wakisikiliza redio hadi shule zifunguliwe. Huo ni upendo, hapana shaka, ila ni upendo unaofunga miguu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyezoezwa kungoja atangoja hata atakapokuwa mtu mzima.

Nikiwa mwalimu wa isimu, sina budi kuitaja lugha pia. Sikilizeni mazungumzo hotelini au zahanati. Mhudumu humwuliza aliyeandamana na kijana, "Huyu anataka nini?" Kijana yupo, anasikia, lakini amesukumwa hadi nafsi ya tatu, kana kwamba ni mzigo unaozungumziwa na wenyewe. Darasani nako, mwalimu husema "tazameni hapa" au "jibu ni hili", na vionyeshi vyote hivyo havimfai asiyeona. Kusema "mlango uko hatua tano mbele yako, upande wa kulia" hakugharimu chochote. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Kumsemesha mtu moja kwa moja ni sehemu ya heshima hiyo.

Yapo pia mambo ya siri ambayo hayafai kutegemea hisani. Tangu M-Pesa ianze mnamo 2007, simu imekuwa mkoba wa Mkenya. Kijana asiyefunzwa kuitumia simu inayosoma kwa sauti hulazimika kumtajia mwingine nambari yake ya siri. Siku atakayoibiwa, tutamlaumu kwa kuitoa, ilhali ni sisi tuliomnyima njia nyingine.

Nini kifanyike? Kila kaunti kati ya zote 47 iandae mafunzo ya likizo kwa vijana wasioona na wenye uoni hafifu. Mabweni huwa matupu mwezi Agosti, yatumike. Wakufunzi wawe walimu waliohitimu, wakishirikiana na watu wazima wasioona ambao tayari wanajitegemea. Vijana wafunzwe kutembea na fimbo, kupika, kufua, kutambua noti na kutumia simu, kisha wapelekwe sokoni na kwenye kituo cha matatu wakafanye hayo kwa vitendo. Wazazi nao wahudhurie, ili yaliyofunzwa yasifutwe nyumbani. Vijana wanaoona wa umri huo huo waalikwe katika michezo, mijadala na nyimbo, kwa kuwa urafiki nao ni sehemu ya kujitegemea.

Watakaopinga watasema kwamba barabara zetu ni hatari: mitaro imeachwa wazi na bodaboda zimevamia njia za miguu. Ni kweli. Lakini hiyo ni hoja ya kufunika mitaro na kuwaadhibu wavunjaji wa sheria. Haiwezi kuwa hoja ya kumfungia kijana nyumbani maisha yake yote.

Twapenda kumtaja Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mnamo 1995 na kushinda dhahabu ya mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu mjini Sydney mnamo 2000. Anastahili sifa hizo. Hata hivyo, tusimfanye kisingizio. Haki ya kwenda dukani peke yako haifai kungoja medali.

Walimu wanaweza kuanza kabla ya serikali kusonga. Wataje kwa sauti yote wanayoandika ubaoni, na wampe mwanafunzi asiyeona zamu ya kufagia darasa kama wenzake. Wanafunzi nao, kabla ya kumshika mwenzao mkono, wamwulize kama anataka msaada na wa namna gani. Akisema hapana, wamwache aende, hata kama atachukua muda mrefu kufika.