Kitambulisho Kiko Wapi, Mwanangu?

Mwezi huu tunaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Tumelifikiria sana kabla ya kuliandika, lakini tukaona afadhali tuaibike sisi, kuliko mama mwingine apatwe na yaliyompata jirani yetu.

Mama huyu tunasali naye kanisa moja. Kijana wake ana miaka 19, mpole, mchapakazi, na tangu utotoni ana kifafa. Akimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, hana tatizo. Ijumaa moja alikwenda kutafuta kibarua katika jengo fulani mjini. Mlinzi wa langoni alichukua kitambulisho chake, kama wafanyavyo siku hizi, na kijana alipotoka akakisahau pale. Jioni, karibu na nyumbani, akakutana na askari wa doria. "Kitambulisho?" Hana. Akapandishwa gari pamoja na wenzake.

Jumamosi asubuhi mama yake alikuja kwetu akitetemeka. Mumewe yuko safarini. Afanye nini? Nasi tukamjibu kwa ujasiri wa mtu asiyejua: "Usiende kuwachokoza. Ngoja Jumatatu, watampeleka kortini au watamwachilia." Sisi wauguzi! Tulijua kijana anameza dawa, wala hatukuuliza dawa ziko wapi. Zilikuwa nyumbani, juu ya kabati.

Jumapili baada ya ibada, kijana mmoja aliyeachiliwa alileta habari. Mtoto ameanguka mara mbili usiku ndani ya seli. Wenzake walimkandamiza sakafuni, wakamtia ndara mdomoni. Askari wa zamu alidhani ni pombe.

Tulikwenda mbio na yule mama. Alibeba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, kadi ya kliniki na vidonge vikiwa ndani ya bahasha ya duka la dawa. Afisa aliyekuwa mezani alisoma kadi, akaandika habari hiyo katika kitabu cha OB, na kijana akapelekwa hospitali. Jioni ile ile aliachiliwa kwa dhamana ya polisi. Hatukulipa hata senti moja, na baadaye hakushtakiwa kwa lolote. Yote hayo yangewezekana Ijumaa usiku. Tulimcheleweshea mama huyu siku mbili, na mwanawe akazilipia.

Tangu siku hiyo tumejifunza, nasi tunawapa tuliyojifunza.

Kwanza tuelewe hofu yetu ilitoka wapi. Babu zetu wakati wa ukoloni walilazimishwa kubeba kipande shingoni, ndani ya kijikebe cha chuma. Kwa hiyo mtu akisikia askari anauliza kitambulisho, damu humwenda mbio hata kama hana kosa. Lakini leo tunayo Katiba ya mwaka 2010, na kifungu cha 49 kinamhusu kila mtu aliyekamatwa, awe profesa au muuza mboga.

Sheria inamtaka kila Mkenya aliyetimiza miaka 18 ajiandikishe apate kitambulisho. Afisa akikiuliza, mpe kwa adabu. Hakuna haja ya kufoka. Lakini nawe una haki ya kujua unaongea na nani. Afisa aliyevaa sare anatakiwa awe na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Asiye na sare, mwombe kwa upole akuonyeshe kadi yake ya kazi. Iwapo ni lazima mwanamke apekuliwe, apekuliwe na mwanamke mwenzake, na kwa heshima.

Ukikamatwa, au mwanao akikamatwa, kumbukeni haya:

Aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Ataje jina lake, lakini asilazimishwe kukiri kosa, wala asitie sahihi karatasi ambayo hajaisoma akaielewa.

Aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na pia mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Mama mzazi ni mtu huyo! Nenda kituoni. Huendi kumchokoza mtu.

Afikishwe mahakamani upesi, wala zisipite saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi ni kabla ya kwisha siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana wanaokamatwa Ijumaa hukaa mpaka Jumatatu. Lakini sikilizeni vizuri: dhamana ya polisi haingoji mahakama ifunguliwe. Kwa makosa madogo, mkuu wa kituo anaweza kuitoa hata Jumapili. Dhamana ya kuandikishiana ni bure. Ikiwa mmeambiwa mweke pesa taslimu, daini risiti, maana pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa amefika kila alipoitwa. Pesa isiyo na risiti ni chai, na tukiwapa chai leo tunawapikia vijana wetu msako wa kesho.

Wanawake wawekwe mbali na wanaume, na watoto mbali na watu wazima. Na aliye mahabusu hajapoteza haki ya kutibiwa.

Hapo ndipo tunaposema kama wauguzi. Kama mtu wenu anatumia dawa za kila siku, za kifafa, sukari, pumu, presha au virusi, msingoje hata saa moja. Pelekeni dawa zikiwa na jina lake, pamoja na kadi ya kliniki. Mwelezeni mkuu wa kituo, ombeni iandikwe katika OB, na ninyi mwandike ile namba. Kijana mwenyewe aseme mapema, "Mimi nina kifafa," asione haya. Na mtu akianguka, msimkandamize wala msimtie kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, na dakika tano zikipita bado anatetemeka, hospitali.

Mkidhulumiwa, iko Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ambayo husikiliza malalamiko ya wananchi. Jina au namba ya afisa, tarehe, saa na namba ya OB vitawasaidia.

Wako dada zetu wanaosema Mkristo hadai haki, huvumilia tu. Tunawakumbusha Mtume Paulo. Alipotaka kupigwa mijeledi bila hukumu, hakunyamaza. Alimwuliza akida kwa utulivu kama sheria inaruhusu kumtenda hivyo raia wa Rumi, na wale waliotaka kumpiga wakarudi nyuma. Hakutukana, hakutoa hongo. Alijua haki yake akaitaja.

Basi leo jioni, chakula kikishaliwa, waulizeni wote walio na miaka 18 na zaidi: kitambulisho kiko wapi? Kilichopotea kiripotiwe polisi, kisha kiombwe kingine. Msikiache rehani dukani. Kikiachwa langoni, kikumbukwe wakati wa kutoka. Tengenezeni nakala ziwekwe nyumbani, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Na kila mtoto aijue namba moja ya simu kwa kichwa, kwa sababu simu yake yaweza kuchukuliwa.

Yule kijana amepona. Juzi alipita kwetu akatuonyesha mfuko wa shati lake: kitambulisho, na vidonge vya siku mbili vimefungwa kwenye karatasi safi. Mama yake alitusamehe siku ile ile, hata kabla hatujamwomba.

Mungu azilinde nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.