Saa za Kuruka Peke Yako

Ngerengere, mkoani kwetu Morogoro, ipo kambi ya ndege za kijeshi. Wapo wanaodai kwamba mwanafunzi wa urubani jeshini, mkufunzi akikaa kiti cha nyuma bila kusema neno, aandikiwe saa hizo kuwa ameruka peke yake. Napinga. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeeleza wazi: kuruka peke yako ni kuwa ndegeni wewe tu. Mkufunzi aliye kimya bado ana usukani wake, na amri ni yake. Walimu wanafunzi walilijua hilo: darasa hutulia mkufunzi akiwa nyuma, akitoka ndipo kazi huanza.

Lakini aliyeruka peke yake kweli asinyimwe saa za amri, eti hajavishwa mbawa. Nani mwingine alikuwa na amri mle?

Si ubishi wa makaratasi. Leseni ya urubani wa biashara hudai saa 200, na 100 kati yake za amri. Waliosoma mafunzo yaliyoidhinishwa, 150 na 70. Saa za uongo hazitamsaidia rubani ukungu ukifunika Uluguru naye amebeba abiria. Wakufunzi, msizitie sahihi.