Ada za langoni hazipimi uharibifu msituni Mau

Sheria ya Misitu ya 2005, na baadaye ile ya 2016, iliruhusu vyama vya jamii vinavyoshiriki kusimamia misitu kunufaika na utalii na burudani, sawa na kuni, asali na malisho. Hatua hiyo ilikuwa ya busara. Mgeni anayeingia Mau Kusini Magharibi, msitu unaopakana na mashamba ya majanichai ya Kericho na Bomet, kutazama ndege hakati mti.

Hata hivyo, hukanyaga. Udongo uliolowa ukikanyagwa mara kwa mara hushikamana, maji hushindwa kupenya na badala yake hutiririka juu kwa juu yakibeba matope hadi mitoni. Njia ikijaa tope, wageni huikwepa kwa kupita kando, nayo huzidi kupanuka bila yeyote kulalamika, kwa kuwa hakuna gogo lililoanguka. Mito yenyewe si ya kufanyiwa mzaha: Sondu huelekea Ziwa Victoria, nao Nyangores hupitia Bomet na kuungana na Amala kuunda Mto Mara.

Hesabu ya viingilio huonyesha pesa zilizokusanywa, wala si hali ya njia. Kinachohitajika si ghali: Shirika la Huduma za Misitu Nchini (KFS) na vyama hivyo wapime upana wa njia katika sehemu zile zile kila msimu, wahesabu mahali palipowashwa moto na kuchunguza maji kwenye vivuko. Vipimo vya kwanza sharti vichukuliwe kabla ya wageni kuongezeka. Isitoshe, chama kinachopata mapato kutokana na wingi wa wageni hakifai kuachiwa peke yake uamuzi wa kufunga njia.