MOTO NDANI YA NYUMBA



Baridi ya Juni na Julai hapa Nairobi haina huruma kwa mtu alalaye chini ya mabati. Jioni twaona majiko yakiingizwa ndani, milango ikifungwa, na matambara yakisindikwa katika nyufa za madirisha. Sababu twaijua: chumba ni kimoja, watoto wanatetemeka, na makaa yamenunuliwa kwa fedha. Hata hivyo hatuwezi kunyamaza.

Makaa yawakapo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo hukamata damu, na mwili ukakosa hewa safi. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, tena viungo hulegea. Aliyelala hana habari, na huenda asiamke. Wengine husema, "Makaa yamekwisha kuwa mekundu, moshi hakuna, basi hatari hakuna." Hayo si kweli. Moshi huondoka, sumu ikabaki.

Sisi watu wa reli jambo hili lisiwe geni kwetu. Zamani za injini za mvuke, mtia moto alipoona moshi mweusi juu ya dohani alijua moto umekosa hewa, na mafuta yanapotea bure. Moto wa nyumbani nao wataka hewa.

Kwa hiyo twawasihi. Washeni jiko nje. Mkipika ndani, mlango na dirisha viwe wazi. Lowekeni maharagwe tangu usiku, na sufuria ifunikwe, ili makaa yatumike machache na chumba kisijae joto. Kabla ya kulala, jiko litoke nje, hata kama limebaki majivu ya moto. Tena tumkumbuke mwenzetu wa zamu ya usiku. Arudipo asubuhi akakuta sufuria yachemka kando ya kitanda, atapumzika vipi? Na mtu asiyelala akienda kuelekeza magari ya moshi, ni hatari kwetu sote.

Lakini lawama yote asitwikwe mama wa nyumbani. Yeye hakujenga chumba kisicho na mahali pa kupikia. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au fedha za kutosha kupanga nyumba ya kufaa, isipokuwa kodi imekwisha kuingizwa katika mshahara. Chumba kinachomlazimu mtu kuchagua kati ya baridi na sumu, chafaa nini?

Basi twataka mambo matatu: dirisha linalofunguka, tundu la hewa juu ya ukuta, na mahali pa kupikia nje penye paa. Kila mjumbe ahesabu vyumba vilivyopungukiwa katika tawi lake, alete hesabu hiyo mkutanoni.

Jiko tulitoe leo usiku. Dirisha tutalidai pamoja.